Mbeleko Zilizorudi Kagarama

Mtu akikuletea lalamiko mlangoni, unamwomba msamaha kwanza, unampa kiti, unamfungulia kinywaji, kisha ndipo unamwuliza umemkosea nini. Béatha alilelewa hivyo Bujumbura na mama yake, Mnyarwanda wa ukimbizini ambaye hakuwa na mali nyingine ya kumrithisha mtoto ila adabu. Na aliporudi Kigali akiwa mtu mzima, akakuta majirani zake wa Kagarama, wengi wao waliotoka kulekule, wanaishi vivyo hivyo. Msamaha wa namna hiyo haukiri kitu. Ni kama kumfutia mgeni vumbi kwenye kiti: unalifuta ingawa si wewe uliyelileta.

Kwa hiyo siku kijana mmoja, Arnaud, alipoingia kwenye kibanda chake cha ushonaji, amevaa viatu vya kung'aa na kubeba mkoba mwembamba, akasema amekuja na malalamiko, Béatha, Mama Raïssa kwa majirani wote, hakufikiri mara mbili. Aliacha cherehani, akafuta kiti kwa kanga.

"Mbabarira, mwanangu. Nisamehe sana. Kaa kwanza."

Akaagiza Fanta duka la jirani. Arnaud alikunywa taratibu, simu yake ameilaza juu ya meza ya kukatia vitambaa, katikati ya mikasi na chaki. Kisha akaeleza shida yake. Kampuni iliyomtuma, alisema, ina hataza, ile wazee wanayoita brevet, haki iliyoandikishwa serikalini juu ya kitu ulichobuni. Hataza yenyewe ni ya mbeleko, ingobyi kwa Kinyarwanda, yenye mkanda wa kiunoni na kofia ya mvua, mbeleko kama hizo zilizokuwa zikining'inia nyuma ya Béatha, nyekundu, za bluu, na moja ya maua ambayo alikuwa bado anaipiga pindo.

"Kwa hiyo, mama, unaomba msamaha juu ya hizi ingobyi?" aliuliza, sauti yake laini kama ya mkwe.

"Yego, mwanangu. Nisamehe kabisa. Juu ya ingobyi, juu ya kila kitu. Sasa niambie, nilikosa wapi?"

Arnaud hakumwambia. Alimaliza Fanta, akachukua simu yake, akashukuru, akaondoka. Béatha alimsindikiza mpaka kwenye barabara ya mawe, jinsi mgeni anavyosindikizwa, na hata alimpungia mkono pikipiki ilipoanza kushuka mlima. Masikini wa Mungu, alifurahi kwamba yamekwisha vizuri.

Wiki haikuisha, mbeleko zikaanza kurudi.

Wa kwanza alikuwa Kellen, anayefunga maboksi kiwandani Masoro. Alileta mbeleko yake ndani ya mfuko, imefuliwa na kupigwa pasi, na mtoto amemfunga mgongoni kwa kitenge cha kawaida. Mbeleko ile hakuinunua mwenyewe. Wanawake wenzake wa kiwandani waliichangia walipokwenda kumpongeza kwa uzazi, wakaja kwa Béatha kuchagua rangi wakicheka na kugombana. Kitu cha kumkaribisha mtoto duniani hakirudishwi. Kukirudisha ni kama kusema mtoto hakukaribishwa, na Kellen alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa anaongea na sakafu.

"Mama Raïssa, iko mtu anakuja pale kwenye foleni ya chanjo. Iko na sauti yako kwa simu. Unasema 'nisamehe juu ya ingobyi.' Anasema ulikubali uliiba. Anasema mama mwenye atavaa hii ataitwa kortini pamoja na wewe, na ingobyi watachukua palepale, mtoto akiwa ndani."

"Na wewe uliamini?"

"Sauti ilikuwa yako, mama."

Béatha aliipokea mbeleko, akaiweka juu ya kabati. Kesho yake zikaja nyingine, na nyingine, mpaka kabati likajaa, zikahamia kwenye benchi ambalo wateja hukaa. Halikuwa na wateja wa kukaa, basi hapakuwa na ugomvi.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Shafiq, mshona kanzu na sare za shule, ambaye babu wa babu yake alikuja na misafara ya pwani akaoa hapa na kubaki. Kiswahili chake kilikuwa na methali kama pilau lina iliki, na huruma yake siku zote ilikuja imevaa dhihaka.

"Muungwana akivuliwa nguo huchutama," alimwambia, ameegemea mlango. "Wewe, Mama Raïssa, umechutama kabla hujavuliwa!"

"Niliomba msamaha kama mtu."

"Uliomba mbele ya simu. Simu haina adabu. Na huyo hakuja kwako kama mgeni, alikuja kama mwindaji. Ulitakiwa umwulize kwanza: brevet iko wapi, niione."

Béatha alichukia kuambiwa hivyo, kwa sababu ilikuwa kweli. Alimpigia Arnaud simu na kumwomba hiyo karatasi ya hataza aione kwa macho yake. Iko kwa wakili, Arnaud alisema, italetwa. Lakini mambo yanaweza kuisha bila karatasi: mama akubali kulipia ruhusa pesa kidogo kila mwezi, na yeye hataenda tena kwenye foleni ya chanjo. Aliyasema haya bila aibu yoyote, kama mtu anayekupangia bei ya nyanya.

Tangu hapo Béatha hakutulia. Alikaa kwenye cherehani akainuka kabla sindano haijateremka. Alikwenda mlangoni, akatazama barabara, akarudi. Pikipiki ikisimama nje, moyo ulimruka. Ikipita, ulimruka vilevile. Chakula kilimshinda. Na kilichomtafuna hasa si Arnaud, bali swali ambalo hakumwambia hata Shafiq: je, kama ni kweli?

Mkanda ule aliuwaza mwenyewe, baada ya miaka ya kuona wanawake wakifungua na kufunga kitenge katikati ya njia huku wamebeba ndoo. Kofia ya mvua aliifikiria siku alipomwona dereva wa pikipiki amefunika mzigo kwa nailoni, huku mtoto wa mama aliyepakiwa nyuma yake ananyeshewa. Vifungio vya plastiki alivinunua ghala la Masoro, hadharani, mchana kweupe. Hakumwibia mtu. Lakini kijana mmoja mteja wa Shafiq, aliyesoma sheria, alimweleza kwamba hataza haiulizi kama uliiba. Mtu mwingine akiwahi kuandikisha wazo lilelile, unaweza kuwa mkosaji bila kuwahi kumwona, wala kulisikia jina lake. Jambo hilo lilimtisha kuliko jela. Mwizi anajua alipoiba. Yeye angejuaje?

Na akiitwa mwizi Kagarama, angekwenda wapi? Alikwisha kuhama vya kutosha maishani. Jina lake hapa alilishona mwenyewe, mlango kwa mlango, mtoto kwa mtoto, na sasa kijana mwenye simu alikuwa analifumua mbele ya akina mama wanaongoja chanjo. Hasira ilimpanda, ikashuka, ikapanda tena.

Shafiq ndiye aliyemsukuma aende kwa wapatanishi, abunzi, wale majirani waliochaguliwa na majirani wenzao kusikiliza ugomvi kwenye ofisi ya seli, ile serikali ndogo ya mtaa. Mkuu wao alikuwa Mukagasana, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, aliyefundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu. Watu walimwita Perezida, na yeye aliitikia bila kucheka.

Siku ya kikao mvua ilinyesha tangu asubuhi. Béatha alifika mapema mno, akakaa, akasimama, akatoka barazani, akarudi amelowa. Kellen alikuja kama shahidi, mtoto mgongoni kwenye kitenge kile kile. Shafiq alikuja kwa sababu hakuna ambaye angeweza kumzuia. Vinywaji viliwekwa mezani, kama kawaida, maana hapo pia ugomvi haufunguliwi koo zikiwa kavu.

Arnaud aliingia wa mwisho, akiwa na wakili, Maître Ingrid, mwanamke kijana mwenye miwani na faili lililofunikwa vizuri lisiguswe na mvua. Benchi lilikuwa limejaa. Kellen alisogea kuwapa nafasi, na katika kusogea mtoto akaamka na kuangua kilio.

"Mbabarira, mama. Mbabarira sana," Arnaud alimwambia, mkono kifuani, akainama kidogo kabla ya kukaa.

Hakuna aliyemjali. Kellen alimpigapiga mtoto matako, mtoto akanyamaza.

Béatha alieleza yake. Alieleza vibaya, akianza na mwisho, akirudi Bujumbura, akilia kidogo katikati na kujichukia kwa kulia. Kellen akaeleza habari za foleni ya chanjo. Kisha Maître Ingrid akasimama, na Béatha akajua kabla hajafungua mdomo kwamba huyu hakuja kubahatisha.

"Perezida, nawaheshimu nyinyi wote, na heshima hii si ya mdomo. Lakini hii kesi iko juu ya uwezo wenu. Brevet inatolewa na nchi, si na seli. Kuna sheria yake, kuna korti yake. Na hiyo sheria inamruhusu mwenye brevet kumwambia mtu yeyote kwamba anatumia kitu chake: aliyeshona, aliyeuza, hata mama aliyebeba mtoto. Mkimkataza kusema, mtakuwa mnakata sheria kubwa na kisu ya jikoni. Na kila seli ikitunga katazo lake, Kagarama hivi, Masoro vile, hiyo brevet itakuwa na kazi gani?"

Mukagasana aliwatazama wenzake wawili, kisha akaitikia kwa kichwa polepole.

"Ni kweli," alisema. "Sisi hatuwezi kusema ingobyi iko ya nani. Hilo si letu."

Béatha alimtazama Shafiq, na Shafiq, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuwa na methali.

"Na zaidi," Ingrid aliendelea, "hata kama lingekuwa lenu, mama huyu alishakubali." Akamwashiria Arnaud.

Arnaud akaweka simu mezani, kati ya chupa. Sauti ya Béatha ikajaa chumba: *Nisamehe kabisa. Juu ya ingobyi, juu ya kila kitu.* Swali lake la mwisho, lile la nilikosa wapi, halikuwemo. Kumbe lilikatwa! Ilikuwa aibu ya ajabu kwa Béatha kusikia wema wake mwenyewe ukimshitaki, kwa sauti yake, na kwa ule upole ambao mama yake alimfundisha kwa fimbo.

Mukagasana hakumtazama yeye. Alimtazama Arnaud.

"Kijana, wakati uliingia hapa, ulimwomba Kellen msamaha. Ulimkosea nini?"

Arnaud akashangaa. "Mimi? Hakuna kitu, Perezida. Mtoto alilia tu."

"Ni wewe ulimliza?"

"Hapana. Ni... ni kawaida. Ni heshima tu."

Maître Ingrid alimgusa mkono wa shati, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Hakuna aliyecheka. Mvua iliendelea kupiga mabati, na Shafiq akakohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa cha mafua.

"Nani alikulea?" Mukagasana aliuliza.

"Bibi yangu. Kule Ngozi, Burundi."

"Alikulea vizuri," alisema, na kweli hakuwa anamdhihaki. "Basi ulijua. Ulikunywa Fanta ya huyu mama ukijua hiyo 'nisamehe' yake ni ya namna gani."

Arnaud alikitazama kifuniko cha chupa mbele yake. Uso wake ulikuwa umebadilika, na kwa kitambo kidogo alifanana na mtoto wa mtu. Béatha alimwonea huruma, kisha akakasirika kwa kumwonea huruma.

Wapatanishi walitoka, wakanong'ona barazani, wakarudi. Mukagasana alisema waziwazi, bila kusoma popote. Juu ya nani aliyebuni mkanda na kofia, hawasemi neno; mwenye hataza aende kortini na karatasi yake, na Mama Raïssa atajibu huko. Lakini kuwafuata akina mama kwenye chanjo na kuwatisha kwa sauti iliyokatwakatwa, hiyo haihusu ubunifu wowote. Hiyo ni jirani kumharibia jirani jina, na hilo wamekuwa wakiliamua tangu walipochaguliwa. Arnaud asirudi tena foleni ile ila mara moja tu: kuwaambia akina mama kwamba Béatha hakukiri wizi.

"Kudai ni haki yako," alimaliza. "Kutisha watu na uongo, hiyo nionyeshe iko katika brevet gani."

Ingrid aliandika kila neno. Nje, wakati watu wanangoja mvua ipungue, alimsogelea Béatha. Hakuwa na kiburi, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama, sitakudanganya. Nitakata rufaa. Nitasema seli haina nguvu ya kufunga mdomo wa mtu mwenye haki ya taifa. Inawezekana jaji akasema Perezida yuko sawa, kwa sababu huyu kijana alitumia uongo. Inawezekana akasema nimeshinda."

"Na brevet?" Béatha aliuliza. "Iko kweli?"

"Iko. Kama inagusa mkanda wako, mimi mwenyewe sijui bado."

Shafiq alitaka washerehekee. Alisema nusu shari ni heri kuliko shari kamili, akanunua maandazi, akayala mengi yeye mwenyewe. Béatha aliuma moja tu. Alikuwa ameshinda, kila mtu alimwambia hivyo, na bado alikuwa anainuka kila pikipiki iliposimama.

Arnaud alitekeleza. Kellen aliona: alikuja, akasema maneno yake harakaharaka akitazama ukuta wa kituo, akapanda pikipiki akaenda zake. Wengine walimsikia, wengine walikuwa ndani na watoto wao. Mbeleko chache zikaondoka kwenye benchi. Nyingine zilibaki, kwa sababu lisemwalo lipo, watu husema, na wapo wanaopenda kungoja wajue litaishia wapi.

Kellen alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa vazi la mushanana la bluu, mtoto mkononi. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Mama Raïssa. Mbabarira. Nisamehe kwa ile siku. Sikupaswa kuirudisha."

Jibu la maneno hayo ni moja tu, na kila mtu wa huko kwao analijua kabla hajajua kuandika jina lake. Unasema: hapana, ni mimi, nisamehe mimi. Unalisema hata kama umekosewa, hasa kama umekosewa, na hapo wawili mnacheka na mambo yanakwisha. Béatha alilisikia likipanda kifuani, lilelile la mama yake.

Kisha akaona simu. Kellen alikuwa ameishika chini ya miguu ya mtoto, kama watu wote wanavyoshika simu, kioo kikiwa cheusi. Béatha alijua hairekodi. Alijua kama anavyojua jina lake kwamba Kellen hana ubaya. Macho yake hayakubanduka hapo.

Kellen alingoja. Alingoja zaidi ya inavyopasa, mpaka tabasamu lake likaanza kuchoka, kisha akafuata macho ya Béatha mpaka mkononi mwake mwenyewe. Akaelewa. Akaitia simu kwenye mkoba haraka, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi, na hilo likamuuma Béatha kuliko yote, kwa sababu hata baada ya simu kuondoka neno halikuja.

Basi aliinuka. Alichukua mbeleko ya Kellen juu ya kabati, akaikung'uta, akamgeuza Kellen kwa mabega, akamweka mtoto mgongoni na kumzungushia kitambaa, akaijaribu kofia kama bado inashika. Vidole vyake vilijua kazi. Akapitisha mkanda kiunoni, akabana kifungio mpaka kikalia, akakivuta kuona kama kimeshika. Kisha akakifungua na kukifunga upya, akilitafuta lile neno, na Kellen alisimama kimya akimpa mgongo, akimwachia muda.